Wimbo Una Mwenyewe

Zama za himaya ya Mwingereza, mwanamke mmoja wa Dar es Salaam alivuka bahari kwenda Unguja kutembea, na hakurudi kwao. Alikuwa mja mzito. Wenyeji wake walimtoa kwenda kustarehe, pombe ikanywewa, na huko akauawa na mtu aliyejulikana kwa jina la Kijiti. Muuaji akavuka maji, akapotelea bara. Kesi ilipofika mahakamani, wanawake waliokwenda kueleza yaliyotokea ndio waliotiwa hatiani, kwa makosa ya pombe. Siti binti Saad aliichukua habari hiyo akaifanya wimbo. Miaka mingi baada ya Siti kufariki, Bi Kidude bado alikuwa akiuimba wimbo wa Kijiti jukwaani kwa sauti yake ile nzito, mbele ya watu ambao babu zao ndio waliousikia kwanza.

Kutunga nyimbo ndiyo kazi yangu, na wimbo huo nimeurudia mara nyingi nikijiuliza: kwa nini huu? Unguja ya wakati ule haikukosa habari kubwa. Siti mwenyewe alikuwa akiitwa kuimba kwenye majumba ya wakubwa, na mwaka 1928 alipelekwa Bombay kurekodi santuri, jambo ambalo hakuna mwanamke wa pwani yetu aliyekuwa amelifanya kabla yake. Angeweza kubaki na nyimbo za mahaba na za kuwasifu mabwana, akaishi vizuri. Lakini Siti alizaliwa Fumba mnamo 1880, katika ukoo uliotoka utumwani, na jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Alivibeba vyungu alivyofinyanga mama yake, akavitembeza kijiji kwa kijiji hadi mjini, akivinadi kwa sauti. Alipohamia mjini, mnamo 1911, aliingia kama mgeni asiye na mtu wa kumsemea. Naamini ndiyo sababu yule mgeni aliyeuawa hakumpita. Siti alikuwa akimjua, hata kama macho yao hayakuwahi kukutana.

Watu wanaonijua huniuliza nyimbo zangu hutoka wapi, nao hutarajia nitaje kimoja kati ya viwili: mapenzi yaliyoniumiza, au jambo kubwa lililotikisa nchi. Vyote nimevitungia. Hata hivyo, kwa jinsi ninavyoona, jambo halipati wimbo kwa ukubwa wake. Huupata pale linapomfika mtu mmoja, na mtunzi akawa ameishi kitu kinachomwezesha kumtambua mtu huyo. Akishamtambua, anakuwa na deni kwake. Deni hilo ndilo lililonifundisha namna ya kuishi na watu, na ndilo ninalotaka kulizungumza hapa.

Nilikulia Mwanza. Asubuhi ya 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka ikitoka Bukoba, ikiwa inakaribia kufika kwetu. Ilikuwa imejaza watu kupita kiasi, wengine wamepandia Kemondo. Mamia walikufa. Kuna jambo moja katika ajali ile ambalo kila mtu wa Mwanza wa rika langu anaweza kukusimulia: meli ilipokuwa imelala kifudifudi, tumbo lake likiwa bado juu ya maji, watu waliokuwa hai ndani walisikika wakigonga. Waokoaji wakatoboa bati ili wawatoe. Hewa iliyokuwa ikiishikilia meli isizame ikatokea kwenye tundu lile lile, na meli ikaenda chini.

Miili ililazwa Uwanja wa Nyamagana, watu wakapita mistari kwa mistari kutafuta ndugu zao. Wengi walizikwa Igoma, na mnara wao uko pale mpaka leo. Nyumbani kwetu hatukula samaki kwa muda mrefu. Mwaloni Kirumba sangara na sato walikuwapo wa kutosha, wanunuzi ndio hawakuwapo. Mama alipika maharage, kesho maharage, na hakuna mtoto aliyeuliza.

Haukupita muda kila kwaya ya mji ikawa na wimbo wa MV Bukoba. Zilikuwa nyimbo za dhati, watu walizililia, na sitaki kuzidharau. Msiba wa ukubwa ule unahitaji sauti nyingi. Mimi nilikuwa msichana wa sauti ya pili katika kwaya ya kanisa letu, na sisi tulimsubiri mwalimu wetu atuletee wa kwetu. Hakuleta. Wazee wa kanisa walimwita wakamuuliza kulikoni, wakati makanisa mengine yote yameshaimba. Akawajibu kwa heshima kwamba bado hajaupata. Tulianza kunong'ona kwamba mwalimu ameishiwa.

Muda mrefu ukapita. Jioni moja ya mazoezi akaingia, akaandika solfa ubaoni bila kusema neno, halafu akatusomea maneno. Wimbo ulihusu gauni. Msichana mmoja wa mtaani kwetu alikuwa arudi na meli ile kutoka kwa shangazi yake, na mama yake alikuwa amempelekea fundi cherehani kitambaa cha gauni la kipaimara. Fundi alilimaliza. Alikuwa akishonea barazani pa duka, kila mtu akimwona, na gauni likabaki limetundikwa nyuma yake. Mama hakuwa na nguvu za kwenda kulichukua. Fundi hakuwa na moyo wa kuliuza, wala wa kumkumbusha mama wa watu. Basi likawa pale, tukipita kwenda shule na kurudi, na hakuna aliyelinyooshea kidole.

Katika wimbo wa mwalimu hapakuwa na meli, wala ziwa, wala idadi ya waliokufa. Palikuwa na fundi anayepangusa vumbi kwenye gauni kila asubuhi kabla ya kufungua kazi. Tulipouimba kanisani, ubeti wa kwanza haukufika nusu watu walikuwa wamekwisha kujua.

Sisi waimbaji tulikuja kujua baadaye jambo ambalo watu wengi hawakulijua. Mwalimu alikuwa amekwenda kwanza kwa fundi, kisha kwa mama wa binti, akawaimbia wote wawili wimbo mzima, peke yake, bila kinanda. Fundi alikubali. Mama alinyamaza, halafu akaomba jambo moja tu: rangi ya gauni iondolewe. Mwalimu alikuwa ameitaja, na ilikuwa imekaa vizuri kwenye kina. Mama akasema rangi ile aliichagua yeye na mwanawe dukani, wakabishana, wakacheka, na angependa ibaki kati yao. Mwalimu akaifuta. Mstari uliobaki ulipungukiwa na kina, na kwa mtu anayejua utunzi ulisikika kama umekatwa. Aliuacha hivyo. Mwimbaji mmoja alipopendekeza neno jingine la kuziba pengo, mwalimu alikataa, tena kwa ukali ambao hatukuuzoea kwake.

Nimekutana na watunzi wengi hodari tangu wakati ule, lakini hakuna aliyenifundisha zaidi ya mstari ule uliopungua. Nilielewa kwamba maisha ya mtu yanapoingia kwenye wimbo, hayaachi kuwa yake. Mtunzi ameyaazima. Na mwenye mali ana haki ya kusema hiki chukua, hiki niachie.

Kwa Remmy Ongala nilijifunza upande wa pili wa deni hilo hilo. Nilimfahamu kama wenzangu walivyomfahamu, kwa redio na kwa kaseti zilizorekodiwa juu ya kaseti nyingine mpaka sauti ya besi ikachakaa. Alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947. Baba yake alifariki mwaka 1953, mama yake mwaka 1964, na kijana akabaki na sauti yake na kazi ya mikono yake. Mwaka 1978 alikuja Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy, bendi ya mjomba wake, na baadaye akaingia Matimila. Bendi nyingi za wakati ule vyombo vilikuwa mali ya mfanyabiashara au ya shirika la umma. Mwanamuziki alipiga gitaa ambalo si lake, akarudi kulala kwenye chumba cha kupanga, akaamkia foleni ya maji pamoja na watu waliomshangilia usiku.

Maisha hayo yamo katika majina ya nyimbo zake: "Mnyonge Hana Haki", "Kifo", "Sura Mbaya". Hata albamu iliyomtangaza Ulaya mwaka 1989 ilitolewa kwa jina la nyimbo za mtu maskini. Mtu aliyemzika baba angali mtoto na mama angali kijana hahitaji kuelekezwa na mtu namna ya kukiimba kifo, na yeye alikiimba bila kukipamba. Mtaa alioishi Dar es Salaam watu waliupa jina lake wenyewe, bila mkutano wala tangazo: Sinza kwa Remmy. Kondakta wa daladala asiyejua wimbo wake hata mmoja huliita jina hilo mara mia kwa siku.

Kisha ukaja UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na miaka ya 1990 ilipoanza hapakuwa na mtaa usio na kaburi lake. Wakati huo huo hapakuwa na mtaa ulioutaja ugonjwa wenyewe msibani. Marehemu alisumbuliwa na kifua. Marehemu aliumwa kwa muda mrefu. Marehemu alirogwa. Remmy akatoa "Mambo kwa Soksi", akawaambia watu kwa lugha ya vijiweni watumie kondomu. Redio Tanzania haikuupiga wimbo huo. Ulikwenda bila redio, kumbini na kwenye kaseti, na watoto tuliuimba bila kuuelewa mpaka mtu mzima apite atunyamazishe. Wapo waumini waliokasirika, na siwezi kuwalaumu. Walikuwa wakishikilia walichokiamini katika miaka ambayo kila kitu kilikuwa kikiwaponyoka mikononi.

Lakini nadhani Remmy alitazama chini ya jukwaa akaona kwamba watu wanaocheza wanapungua. Angekaa na fumbo, deni lake kwao lisingelipika. Utunzi wetu wa Kiswahili umelelewa na mafumbo, na mafumbo nayapenda. Mwalimu wangu aliimba gauni tukasikia meli. Ila ipo misiba ambayo fumbo huwa mlango wa kujifichia, na aliyejificha humo ni yule yule anayekwenda kufa. Mwishoni mwa maisha yake Remmy aliokoka akaimba nyimbo za injili hadi alipofariki tarehe 13 Desemba 2010. Wengine huona alikuwa watu wawili. Mimi namwona mmoja, aliyekuwa akiwaonya watu tangu mwanzo hadi mwisho.

Nina sababu yangu ya kulisema hili kwa uzito. Kaka yangu mkubwa alifariki katika miaka hiyo. Alikuwa dereva wa lori, mcheshi, mtu wa kuingia nyumbani na mkungu wa ndizi begani akiita majina yetu yote kuanzia getini. Alirudi akiwa mwepesi kiasi kwamba mama alimwinua peke yake. Kwa miezi yote aliyolala chumba cha uani, neno halikutajwa. Siku ya mazishi mshereheshaji alisoma kwamba marehemu alisumbuliwa na kifua, na sote tuliitikia kwa kuinamisha vichwa.

Wimbo wa kaka nilikaa nao tumboni hadi nilipokuwa mtu mzima na bendi yangu. Ulikuja kupitia mlio wa funguo. Alikuwa akizining'iniza funguo za lori kwenye kidole akizizungusha, na hata alipokuwa hawezi tena kukaa, aliomba apewe azishike. Nilianza na funguo hizo. Nikafika ubeti wa tatu na nikajua kwamba nikiendelea, ni lazima nilitaje neno ambalo nyumba yetu haikuwahi kulitaja. Nilisafiri kwenda Mwanza kumuuliza mama. Sikuuliza mara moja. Tulipalilia bustani, tukaenda ibadani, tukatembelea wagonjwa. Usiku mmoja nikamwimbia mpaka pale nilipokomea.

Mama hakusema kitu. Aliendelea kuchambua mchele. Kesho yake jioni, tukiwa tunaanua nguo, alisema kana kwamba mazungumzo hayakuwa yamekatika: "Sema, mwanangu. Wenzake waliobaki wana watoto."

Niliutaja ugonjwa kwa jina katika ubeti wa tatu. Wimbo huo haujawahi kuwa mkubwa. Haupigwi kwenye harusi, na matangazo ya redio hayawezi kuutumia. Lakini kila tunapokwenda kupiga nje ya mji, haikosi mtu anayekuja baadaye kunieleza habari za kaka yake, au za mama yake, au dawa anazozimeza mwenyewe. Husimama karibu na spika ili wengine wasisikie. Mimi husikiliza tu. Wakati mwingine wenzangu hunisubiri garini kwa muda mrefu, na hawajawahi kunung'unika.

Sitaki mtu adhani kwamba kwa kuwa wimbo una nguvu basi nguvu hiyo ni njema. Arusha, mahakama ya kimataifa iliyoundwa kwa ajili ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994 ilimhukumu mtunzi na mwimbaji, Simon Bikindi. Alikuwa msanii aliyependwa, na nyimbo zake zilipigwa sana na redio ya RTLM wakati majirani wakichinja majirani. Mwezi Desemba 2008 alifungwa miaka 15 kwa kosa la kuchochea mauaji hayo hadharani. Hukumu hiyo naifikiria sana, kwa sababu majaji hawakumtia hatiani kwa kutunga nyimbo, ambazo zilikuwapo kabla ya mauaji. Walimtia hatiani kwa maneno aliyoyatoa kwa kipaza sauti, akiwa ndani ya gari, akiwahimiza watu wawamalize Watutsi. Lakini hata majaji waliona jinsi nyimbo zenyewe zilivyotumiwa kuchochea chuki.

Bikindi naye alichota katika matukio ya nchi yake: historia, mapinduzi, kumbukumbu za wakulima wa Kihutu na uchungu wao wa zamani. Mtunzi yeyote angeweza kuchota humo. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba nyimbo zinapowageuza watu kuwa kundi, msikilizaji hapati uso wa kumtazama. Anapata upande wa kusimama. Mimi hupata woga kila ninapojikuta naandika "wao" katika wimbo. Huusimamisha mkono nikajiuliza wao ni akina nani, na kama nimewahi kukaa kwao nikala.

Matukio ya mbali yana ugumu wake pia. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana, na polisi wakawapiga risasi. Hugh Masekela aliutunga "Soweto Blues", Miriam Makeba akauimba, na wote wawili hawakuwapo. Walikuwa uhamishoni kwa miaka mingi. Makeba alitoka Afrika Kusini mwaka 1959, mama yake akafariki mwaka 1960, na alipotaka kurudi kumzika aligundua kwamba pasipoti yake imefutwa. Masekela alilelewa Witbank, na bibi yake aliwauzia pombe wachimba migodi nyumbani, biashara iliyokuwa haramu kwa Mwafrika. Mama yake Makeba alifungwa kwa pombe ya kienyeji wakati binti akiwa na siku 18, na kichanga kikaanza maisha yake gerezani pamoja naye. Nikikumbuka wanawake wa Unguja waliotiwa hatiani kwa pombe katika kesi ya mauaji, naona jinsi sheria za pombe zilivyokuwa nyepesi kumwangukia mwanamke maskini, kusini na kaskazini.

Kwa hiyo Soweto ilipowaka, wawili hao hawakuhitaji kuwapo. Polisi anayepiga mlango usiku waliwahi kumsikia. Mtoto anayelipia kosa la serikali, Makeba aliwahi kuwa yeye. Makeba ndiye pia aliyeizungusha "Malaika" yetu duniani kote, akaimba kwa Kiswahili mahali ambapo hakuna aliyekijua, na watu wakaelewa kwamba kuna kijana hana mali. Sidhani ilikuwa bahati.

Siku hizi dunia nzima inaingia kwenye simu yangu kabla sijanawa uso. Vijana ninaofanya nao kazi hutunga kwa kasi ambayo mwalimu wangu asingeiamini. Tukio la asubuhi, jioni liko studio, na kesho kutwa linachezwa Tandale na Manzese. Wapo kati yao wenye kipaji kikubwa, na singeli nzuri inaweza kumtaja mtu wa mtaani kwa usahihi uliotushinda sisi wa gitaa. Sina ugomvi na haraka yao. Ninachowauliza kila mara ni kama huyo waliyemwimba amewasikia. Mara nyingi hushangaa swali. Mmoja aliyekuwa amemtungia bodaboda aliyepata ajali alikwenda kweli hospitali kumsikilizisha, na akarudi na ubeti mpya aliopewa na majeruhi mwenyewe kitandani. Ndio ubeti unaoimbwa zaidi sasa.

Mimi nimejifunza pia kuacha. Mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ulipotekwa na waasi wa M23 mwezi Januari 2025, sauti za watu wa huko zilinifikia kwa Kiswahili chao, na kwa kuwa ni lugha yangu hakukuwa na pazia kati yangu na hofu yao. Nilikaa na gitaa, nikaliweka chini. Sijawahi kulala kambini. Sijawahi kubeba godoro kichwani nikimshika mtoto mkono huku nikisikia mizinga nyuma. Watunzi wa Goma wapo, na wanaimba. Kazi niliyoiona kuwa yangu ilikuwa kuzitafuta nyimbo zao, kuzipiga kwenye ukumbi wetu kabla hatujapanda jukwaani, na kutaja majina ya walioziimba.

Kilicho mezani kwangu kwa sasa ni Kariakoo. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka pale, asubuhi, wakati biashara inaanza. Watu zaidi ya 20 walifariki. Walionaswa chini waliongea na waokoaji, wengine kwa simu zao wenyewe, na nchi nzima ikawa inasubiri kama chaji itatosha. Mtu yeyote anaona kwamba hapo pana wimbo, na nyimbo zimeshatoka. Mimi niliachana na tukio hilo mpaka nilipokutana na mama mmoja wa Makambako, anayekuja kununua mzigo wa nguo za watoto Kariakoo na kurudi nao kwa basi la usiku. Siku ile alikuwa ametoka dukani mwa jengo hilo dakika chache kabla, kwa sababu muuzaji alimwambia saizi aliyoitaka iko stoo, arudi baadaye kidogo. Muuzaji huyo hakutoka. Mama bado anazo risiti zake, na bado anadaiwa sehemu ya fedha za mzigo ule. Anataka kuilipa. Hajui amlipe nani.

Nilipomsikia akisema hivyo, nilihisi nywele zikinisimama, maana mimi pia ni mtoto wa mama aliyekuwa akikopa kwa neno la mdomo na kulipa hata baada ya mkopeshaji kusahau. Nina kiitikio, nina ubeti wa kwanza, na nina mstari mmoja kuhusu risiti ambao naupenda. Mpiga solo wetu ameshaupatia mwendo na anataka tuingie studio kabla ya mwezi kuisha, kwa kuwa tumepata nafasi kwa bei nzuri. Nimemwomba asubiri. Mama anarudi Dar es Salaam kuchukua mzigo, tumekubaliana tukutane kwa mama ntilie wa nyuma ya soko, na amesema amewapata ndugu wa yule muuzaji na anataka niende naye kwao kabla sijaandika ubeti wa pili.